Sura ya Sita: Theluthi, Thumni, Patupu

Tarehe 24 Agosti 1988, wilayani Muleba, mkoa wa Kagera, mwanamke mmoja mtu mzima aliuza shamba kwa shilingi 300,000. Mnunuzi hakuwa wa ukoo wake. Shamba lilikuwa halali yake, kwani baba yake alimwachia kwa wosia uliokubalika. Sababu ya kuuza imo kwenye kumbukumbu za mahakama kwa maneno machache makavu: umri ulikuwa umemtupa mkono na hakuwa na mtu wa kumtunza.

Kesho yake, tarehe 25, mpwa wake alikwishafungua kesi. Ukoo ambao haukuwa na mtu wa kumkorogea uji bibi huyu ulipata mtu wa kumshitaki ndani ya siku moja.

Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha ilimpa mpwa haki. Mauzo yalitenguliwa na mama akaamriwa amrudishie mnunuzi fedha zake. Hakimu hakubuni jambo. Alifuata kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, ambazo zinamruhusu mwanamke kupewa ardhi ya ukoo aitumie maisha yake yote, ila asiiuze. Mwanamume wa ukoo huohuo akiuza bila kuwauliza nduguze, wenzake wanaweza kuikomboa ardhi kwa kulipa bei. Mwanamke akiuza, ni kama hakuuza.

Shauri likapanda hadi Mahakama ya Wilaya, ambako mama alishinda, na hatimaye likafika Mahakama Kuu Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya. Ilikuwa bahati ya kalenda. Tamko la Haki za Binadamu lilikuwa limeingizwa kwenye Katiba ya Tanzania mwaka 1984, lakini utekelezaji wake mahakamani ulizuiwa kwa miaka mitatu, ukaanza Machi 1988, miezi mitano kabla ya shamba lile kuuzwa. Tarehe 22 Februari 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke ana haki ya kurithi na kuuza ardhi ya ukoo kama mwanamume, kwa masharti yaleyale. Mpwa kama analitaka shamba, alipe 300,000 ndani ya miezi sita. Akishindwa, libaki kwa mnunuzi.

Wanasheria wanaipenda hukumu hii kwa sababu ya Katiba. Mimi naipenda kwa sababu ya uzee. Hapa tunamwona mwanamke anayefanya hesabu ambayo leo tungeiita mpango wa kustaafu. Hakuwa na mwajiri wala mfuko wa pensheni. Alikuwa na kibanja, yaani shamba lile. Alichotaka ni kukigeuza kibanja kiwe chakula cha miaka yake ya mwisho, na sheria ikamwambia kwamba kibanja si chake kwa kiwango hicho.

Tunapozungumzia umaskini wa wazee tumezoea kuanza na mwili: macho yanafifia, magoti yanagoma, jembe linakuwa zito. Yote kweli. Lakini mwili humzeekea bwana kama unavyomzeekea bibi, na bado kijiji kwa kijiji, karne kwa karne, ajuza ndiye anayeishia kwenye kibanda cha nyuma. Hoja yangu katika sura hii ni kwamba uzee haumfilisi mwanamke. Unamkuta keshafilisiwa, mara nyingi miaka thelathini kabla, siku alipoolewa, siku alipoachwa au siku alipofiwa.

*

Tanzania Bara haina mlango mmoja wa mirathi. Ina mitatu. Mtu akifa bila wosia, mahakama huuliza kwanza aliishi vipi. Kama alikuwa Mwislamu na maisha yake yalikuwa ya Kiislamu, hufuatwa sheria ya Kiislamu. Kama aliishi kwa mila za kabila lake, hufuatwa mila. Na kama maisha yake yalijitenga na mila, hufuatwa Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo Waingereza waliibeba kutoka Bombay wakaitua Dar es Salaam na haikuondoka tena.

Tuchukue mwanamume aliyeacha mke, watoto, na mali ya shilingi milioni 24. Kwa sheria ya India mjane anapata theluthi, milioni 8. Kwa sheria ya Kiislamu anapata thumni, milioni 3, na kama wake ni wawili wanaigawana, milioni moja na nusu kila mmoja. Kwa mila zilizoandikwa mwaka 1963 hapati kitu ikiwa marehemu ana ndugu wa ukoo. Kanuni inaeleza kwamba fungu la mjane ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza.

Kanuni hiyo inavutia masikioni. Mtu akiisikia harakaharaka anaweza kudhani ni heshima kwa mama. Lakini tazama ilivyojengwa: wengine wote wanapewa mali, mjane anapewa ahadi, na wa kuitimiza ahadi ni mtu mwingine. Asiyezaa je? Aliyezaa mabinti watupu, ambao kwa kanuni hizohizo wanawekwa daraja la tatu, nyuma ya mtoto wa kwanza wa kiume na nyuma ya wana wengine wote wa kiume? Aliyezaa mwana akaenda mgodini Geita asirudi?

Wengi huitetea kwa kusema ndiyo mila yetu tangu enzi. Hapo panahitaji subira kidogo. Mila hizi ziliandikwa, na zina mwandishi. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilikuwa na mwanasosholojia wake, Hans Cory, Mwaustria, aliyezunguka kwa miaka mingi akikusanya desturi. Mwaka 1945 alitoa pamoja na mwenzake Hartnoll kitabu cha sheria za mila za Wahaya, na mwaka 1953 akatoa cha Wasukuma. Waliomsimulia zaidi walikuwa machifu na wazee wa mabaraza, na barazani bibi hakualikwa. Baada ya uhuru, serikali changa iliyotaka taifa moja lenye sheria moja ilichukua kazi ya aina hiyo na kuiunganisha kuwa kanuni za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Makabila ya ukoo wa mama, kama Waluguru, ambao kwao ardhi hupita kwa akina mama, hayakuwa kipimo.

Mila isiyoandikwa ina nafasi ya kupumua. Wazee wanakaa, wanamtazama mjane, wanatazama tabia ya shemeji, wanasema huyu mama aachwe kwenye mgomba wake. Kesho yake kwa mjane mwingine wanaamua tofauti. Ikiisha kuandikwa, hakimu kijana aliyehamishwa kutoka mkoa mwingine anafungua ukurasa na kusoma, basi.

Kuna pia kahawa. Buhaya, nchi ya Wahaya huko Kagera, palikuwa na migomba kabla ya Mzungu, na mjane kubaki kwenye migomba hakukumgharimu mtu sana. Lakini miche ya kahawa iliposambaa wakati wa ukoloni na bei ikapanda baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kibanja kilekile kikawa na thamani ya fedha sokoni. Ndipo swali la nani anaweza kuuza likawa kali. Ugomvi wa ukoo na mjane huongezeka pale ardhi inapoanza kuzaa fedha, na wala si Kagera tu.

Wanawake waliliona hilo mapema kuliko wanasheria. Nairobi ya miaka ya 1920 na 1930 ilijaa wanawake waliokimbia ndoa mbaya, ujane au njaa, na baadhi yao, wakiwemo Wahaya kutoka upande huu wa ziwa, walifanya biashara ya miili yao na kuuza pombe. Mwanahistoria Luise White aliwahoji vikongwe waliobaki, akaandika kitabu mwaka 1990. Alichokikuta kiliwashangaza wasomaji waliotarajia kisa cha laana. Wanawake hao walikuwa wakijenga. Katika mitaa ya Pangani na Pumwani sehemu kubwa ya nyumba za kupangisha ilimilikiwa na wanawake, na kodi ya vyumba ndiyo iliyowalisha walipozeeka. Wengine walituma fedha nyumbani zikanunua mashamba ya kahawa kwa baba zao. Wengi walisilimu, na miongoni mwa faida walizozipata ni jamii mpya ya mjini ambamo mwanamke angeweza kuwa na mali kwa jina lake bila kusubiri ruhusa ya ukoo wa bara.

Hilo la kusilimu linatupeleka pwani.

*

Thumni ni ndogo kuliko theluthi, lakini ina sifa moja ambayo theluthi ya Kiingereza ilikuja kuipoteza: haiondolewi. Mume hawezi kuiandikia wosia ikapotea. Binti anapata nusu ya fungu la kaka yake, na nusu hiyo ni yake, hata akiolewa haimwendei mume. Ndiyo maana katika Unguja ya karne ya 19, wakati mke wa kawaida London hakuweza kisheria kushika mali yake mwenyewe, wanawake wa Kiarabu na Kiswahili walikuwa na mashamba ya mikarafuu, nyumba za mawe na, lazima tuseme bila kumung'unya, watumwa.

Hakuna maisha yanayoonyesha vizuri zaidi nguvu na mipaka ya utaratibu huu kuliko ya Sayyida Salme. Alizaliwa kasri la Mtoni tarehe 30 Agosti 1844, binti wa Sultani Said bin Sultan na Jilfidan, suria Mcherkesi. Ujue hapa jambo la mama yake. Suria aliyemzalia bwana wake huwa huru bwana akifa, lakini si mke, kwa hiyo hana thumni. Mtoto wake ndiye mrithi kamili. Sultani alipofariki Oktoba 1856 mirathi ikapigiwa hesabu, na Salme mwenye umri wa miaka 12 akatangazwa kuwa mtu mzima wa kusimamia mali yake. Alipata shamba lenye nyumba, na fedha. Mama yake alipofariki mwaka 1859 yakaongezeka mashamba matatu. Kufikia miaka 15 alikuwa mwanamke mwenye mali nyingi, na alikuwa amejifunza kuandika kwa siri, kwa kunakili aya za Qur'ani juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa kuandika hakukuwa kwa wasichana.

Mwaka 1866 akachukua mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, akatoroka Unguja kwa meli ya kivita ya Waingereza hadi Aden. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa akaitwa Emily, na siku hiyohiyo akafunga ndoa. Hapo mlango wa kwanza ulijifunga: katika sheria ya Kiislamu, aliyetoka katika dini hamrithi Mwislamu. Kila ndugu aliyefariki Unguja baada ya siku ile, na Salme alikuwa na ndugu wengi, alifariki bila kumwachia fungu.

Miaka mitatu baadaye, Agosti 1870, Heinrich alipata ajali ya tramu Hamburg akafa. Salme alikuwa na umri wa miaka 25, na watoto watatu wadogo, mdogo wao ana miezi tu. Hapo mlango wa pili. Katika Hamburg ya wakati ule mjane hakuachiwa kushika mwenyewe mali ya marehemu na malezi ya watoto. Mamlaka zilimnyima aliyoidai, na waliokabidhiwa usimamizi walikuwa wanaume. Yeye aliyesimamia mashamba akiwa binti sasa alikuwa mtu mzima asiyeaminiwa na vitabu vya hesabu za nyumba yake. Unguja, ambako Wazungu walisema mwanamke amefungiwa nyuma ya pazia, alikuwa mmiliki. Ulaya, ambako alitembea uso wazi, akawa mtu wa kusimamiwa.

Mlango wa tatu ulikuwa wa uraia. Mwaka 1875 kaka yake, Sultani Barghash, alipozuru London, Salme alifunga safari kwenda kumwomba haki yake. Waingereza walimzuia kumwona, na matumaini ya msaada wa serikali yao kwa ajili ya wanawe yakaishia kwenye jibu kwamba kwa kuolewa na Mjerumani yeye si wa kuhudumiwa na Uingereza. Wajerumani nao walimjali alipowafaa. Mwaka 1885 Kansela Bismarck alimrudisha Unguja na manowari, madai yake ya mirathi yakiwa kisingizio kizuri cha kumbana Barghash. Mkataba wa biashara ulipopatikana, madai hayakuwa na kazi tena. Alifundisha lugha, akaandika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, kwa sehemu kwa ajili ya kupata riziki, akaishi Beirut miaka mingi. Alipokuwa karibu na miaka 80 Waingereza, ambao sasa ndio wenye Unguja, walimpa pensheni ndogo. Alifariki mjini Jena Februari 1924.

Nimemkalia Salme kwa sababu kisa chake hakina adui mmoja. Kila sheria iliyomnyima ilikuwa na hoja yake na wenyewe wa kuitetea. Zilipokutana juu ya mtu mmoja, binti wa sultani alizeeka akiombaomba kwa barua.

Na yeye alikuwa na barua za kuandika. Waliolima mashamba yake hawakuwa nazo. Amri ya kufuta utumwa Unguja ilitolewa mwaka 1897, lakini masuria waliachwa nje. Walihesabiwa kana kwamba ni wake, na iliwabidi wangoje hadi mwaka 1909 ndipo nao wakapata ruhusa ya kuondoka. Kizee aliyekuwa mtumwa wa shamba akawa huru katika umri ambao uhuru peke yake hauliki: hana ukoo wa kumdai, hana mti kwa jina lake. Huo ndio ukingo wa chini kabisa wa mirathi ya pwani, na hesabu ya mafungu ya Qur'ani haikumfikia kwa sababu hesabu huanza na mwenye mali.

*

Theluthi nitaipitia upesi. Uingereza ya kale mjane alikuwa na haki ya kutumia theluthi ya ardhi ya marehemu maisha yake yote. Matajiri na mawakili wao walitafuta njia za kuikwepa, na Sheria ya mwaka 1833 ikawarahisishia: mume angeweza kuifuta haki hiyo kwa maandishi. Wakati huohuo mali ya mke ilikuwa ya mume kwa tendo la ndoa, hadi sheria za 1870 na 1882 zilipobadilisha mambo. Kichekesho ni kwamba Sheria ya India ya 1865, ileile iliyofika kwetu, ilikwishasema kuwa ndoa haimpi mtu mali ya mwenzake. Waingereza waliwaandikia wengine sheria bora kuliko waliyokuwa nayo wake zao.

Cha muhimu zaidi ni kilichotokea Januari mosi 1909. Siku hiyo wazee wa Uingereza wa miaka 70 na kuendelea walianza kwenda posta kuchukua shilingi tano kwa wiki, kwa Sheria ya Pensheni za Wazee ya mwaka 1908, iliyopitishwa Lloyd George akiwa Waziri wa Fedha. Ilikuwa kwa maskini tu, na ilikuwa na masharti ya tabia: aliyepokea karibuni msaada wa maskini hakupewa, aliyetoka jela hakupewa. Lakini haikudai michango ya mshahara. Hilo lilibadilisha kila kitu, maana pensheni ya Bismarck ya mwaka 1889 ilitokana na michango ya wafanyakazi, na mfanyakazi aliyeandikwa kwenye daftari mara nyingi alikuwa mwanamume. Waliopanga foleni posta Uingereza walikuwa wanawake kwa wingi. Mtu aliyefua nguo za wengine miaka hamsini bila kuandikwa popote, siku hiyo jina lake likaonekana kwenye kitabu cha serikali.

Makoloni hayakupewa. Afrika Kusini ilianzisha pensheni ya wazee mwaka 1928 kwa Wazungu na Machotara. Waafrika waliingizwa mwaka 1944 kwa kiwango cha chini, na viwango vikasawazishwa mwaka 1993, ubaguzi ukiwa kwenye mlango wa kutokea. Mchumi Esther Duflo aliitazama nyongeza ile ghafla ikiingia kwenye nyumba za Waafrika, akauliza fedha zinakwenda wapi. Pensheni ikipokelewa na bibi, wajukuu wa kike walionekana kunenepa na kurefuka. Ikipokelewa na babu, hapakuonekana tofauti. Nawaachia akina babu wajitetee.

*

Turudi ziwani, upande wa Usukumani, ambako patupu ina sura ya kutisha. Kwa miaka mingi vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu, ambayo huletwa na moshi wa jikoni, yakachukuliwa kuwa ushahidi. Watu huliweka hili kwenye fungu la ushirikina na kufunga mjadala. Mchumi Edward Miguel alichunguza wilaya ya Meatu na kutoa matokeo mwaka 2005: katika miaka ya ukame mkali au mafuriko, mauaji ya wanaodaiwa kuwa wachawi yalikuwa mara mbili ya miaka ya kawaida. Waliouawa karibu wote walikuwa wanawake wazee, na wauaji mara nyingi walikuwa ndugu. Imani ya uchawi haibadiliki na mvua. Kinachobadilika ni chakula ghalani. Mjane asiye na fungu la mali, ambaye haki yake yote ni kutunzwa, mwaka wa njaa anahesabika kuwa mdomo.

Wajane wawili wa Kisukuma waliofukuzwa na wakwe kwenye nyumba walizoishi na waume zao waliifikisha kanuni ya 1963 Mahakama Kuu. Mwaka 2006 jaji alikiri kwamba inabagua, ila akakataa kuifuta, kwa hofu kwamba kila mila ingeburutwa mahakamani. Rufaa ilitupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya tarehe kwenye hati. Wakaenda kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema Tanzania imevunja mkataba na ikaitaka ifute au irekebishe kanuni hizo. Hii ni miaka 25 baada ya hukumu ya Mwalusanya. Binti alikwishapata haki ya kuuza shamba la baba yake, na mjane alikuwa bado analilia nyumba ya mumewe.

Zanzibar ilichukua njia nyingine. Aprili 2016 ilianza kumlipa kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka hazina ya serikali yenyewe, awe alikuwa karani au mwuza urojo. Kenya ikafuata mwaka 2018 kwa shilingi zake 2,000 kwa mwezi kwa wenye umri huohuo. Si fedha za kujengea. Nimewahi kusikia wakubwa wakizicheka. Ila pensheni ya namna hii haimwulizi mama aliolewa na nani, kwa mila gani, alizaa watoto wa kiume wangapi, au shemeji anasemaje. Kwa mtu aliyeishi miaka 70 akijibu maswali hayo, si jambo dogo.

Kuna wanaosema suala hili si la haraka, kwani kati ya Watanzania 100 ni takriban sita tu waliofika miaka 60. Ufaransa ilichukua zaidi ya miaka 110 kwa wazee wa miaka 65 na kuendelea kupanda kutoka asilimia 7 hadi 14, na ilikuwa tajiri wakati inapanda. Sisi hatutapewa muda huo. Wanawake watakaokuwa na miaka 70 mwaka 2060 ni hawa walio na miaka thelathini na kitu leo, wanaojenga kwenye kiwanja chenye jina la mume, wanaochangia vikoba ili apate pikipiki, wanaolima shamba ambalo mama mkwe amewaonyesha kwa kidole.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili, na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kubeba majina mawili. Nafasi ya jina la pili ipo kwenye fomu na haihitaji kesi ya mwaka mmoja na nusu hadi Mwanza. Kabla hujafungua sura inayofuata, nenda kaitazame hati ya nyumba au shamba mnaloishi, usome imeandikwa jina la nani. Kama ni lako wewe mwanamume peke yako, na mkeo amebeba matofali yake, mwongeze jina wakati ungali hai na unaweza kutia saini.